Vazi la Karate na Kipimo cha Fundi

Watu wengi wanaowatazama vijana wakifanya mazoezi ya karate huangalia mikono na miguu. Mimi, labda kwa kuwa nimekagua sare za wanafunzi gwarideni kwa miaka mingi, huangalia kwanza nguo. Kijana anayepandisha suruali yake kila baada ya teke hajifunzi karate. Anajifunza kupandisha suruali.

Vazi lile jeupe, lenye koti la kupishanisha kifuani, suruali pana na mkanda, hudhaniwa kuwa la kale kama Japani yenyewe. Sivyo. Ni kazi ya walimu, tena si ya zamani sana. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi. Koti la judo lilihitaji kuwa gumu ili lishikwe na kuvutwa bila kuchanika. Hapo mwanzo mikono yake ilikuwa mifupi na suruali haikuvuka magoti. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyote viwili vikarefushwa ili kukinga viwiko na magoti yasichubuke.

Funakoshi Gichin naye alikuwa mwalimu wa shule kisiwani Okinawa. Huko kwao watu walifanya mazoezi wakiwa na nguo zao za kila siku, au na nguo chache tu. Alipoionyesha karate Tokyo mwaka 1922 na kuanza kuifundisha huko, karate ikaazima vazi la judo na kulifanya jepesi, kwani mpiga ngumi na mateke havutwi koti sana kama mcheza judo. Msomaji ataona kwamba tangu mwanzo vazi ndilo lililofuata kazi. Mwili haukulazimishwa kulifuata vazi.

Nchini kwetu karate ilianza kushika mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kwa juhudi za Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Sekondari Zanaki. Mikoani ilitangulizwa zaidi na sinema za Bruce Lee. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabanda ya video yalikuwa yameenea hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, wilaya iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mwanza. Nilikuwa mkuu wa shule Shinyanga, na vijana waliorudi kutoka machimboni waliwafundisha wenzao mateke nyuma ya mabweni. Nikaona ni heri wafundishwe hadharani, na mtu anayejua.

Mkufunzi akapatikana, lakini alikuwa na sharti moja: asiye na vazi kamili asiingie uwanjani. Bei ya vazi la dukani iliwashinda wazazi wengi, wakulima wa pamba waliokuwa wakisubiri malipo. Vijana hodari wakabaki kutazama kutoka pembeni. Jambo hili lilinikera. Sare shuleni ilikusudiwa kuficha tofauti ya tajiri na maskini. Hapa ilikuwa imegeuka lango la kumzuia maskini.

Tulikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mzee aliyejifunza kazi yake kwa kushona kanzu. Nikamwonyesha koti la mkufunzi. Aliligeuza ndani nje, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto nisimpime akiwa amesimama kama askari. Achuchumae kwanza, kisha apige hilo teke lenu." Akapima hivyo hivyo.

Nilijifunza mengi kwenye kibaraza kile. Amerikani, ile marudufu nyeupe ya pamba, aliiloweka na kuianika mara mbili kabla ya kuikata, kwani pamba isiyofuliwa hunywea na koti la leo likawa la mdogo wako kesho. Kwenye msamba wa suruali alitia kipande cha pembe nne, kama kikwapa cha kanzu kinachomwezesha mvaaji kuinua mkono bila kuvuta nguo nzima. Mishono aliilaza isikwaruze mapaja. Pembeni mwa koti akashona kamba za kufungia, maana kazi hiyo haiachiwi mkanda peke yake. Mkanda hukaa chini ya kitovu, juu ya nyonga, na haubani tumbo linalohitaji kupumua. Wasichana walivaa fulana nyeupe ndani, wakaacha kushika kola kwa mkono mmoja na kupigana kwa mkono mwingine.

Kanuni za kimataifa za leo hazipingani na busara hiyo. Zinataka mkono wa koti usivuke kiungo cha kiganja wala usiwe mfupi kuliko nusu ya kigasha, na usikunjwe. Suruali ifunike angalau theluthi mbili za muundi bila kushuka chini ya kifundo cha mguu. Fulana nyeupe kwa wanawake inaruhusiwa. Mkufunzi wetu aliyakagua mavazi ya fundi, akavuta hapa na pale, akasema, "Waingie."

Nimelitafakari sana jina la kitambaa kile. Amerikani iliitwa hivyo kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, ikapandishwa na misafara hadi Unyamwezi na Usukuma. Nasi tunalima pamba, tunayoiita dhahabu nyeupe, na sehemu kubwa yake huondoka nchini ikiwa marobota. Kama dhahabu ya Geita, hutoka ghafi na kuturudia kwa bei ya dukani. Ndiyo maana sikuliona jambo dogo kwamba watoto wa wakulima wa pamba walivaa pamba iliyokatwa na kushonwa mjini kwao, kwa kipimo cha miili yao.

Ningemshauri mzazi au mwalimu anayemnunulia kijana vazi hili asitosheke na kuliona limenyooka dukani. Amwambie avae, achuchumae, anyooshe ngumi, apige teke. Likibana, wapo mafundi. Heshima ya mchezo haipungui kwa kiraka cha msambani. Hupungua pale anayetaka kujifunza anapoachwa nje kwa sababu ya nguo.