Vitamini Nayo Ina Kiasi Chake



Hapa kwetu Jadida, Wete, mtu akilalamika kuwa nyayo zinamwaka moto au vidole vinamfa ganzi, jibu la kwanza analopewa ni hili: "Katafute vidonge vya vitamini." Juma hili napenda tuitazame historia ya ushauri huo, kwani una ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Nusu ya kwanza ilianzia kwenye mchele. Katika miaka ya 1890, huko Java, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakilegea miguu, kama walivyolegea wagonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele wenye pumba zake, wakapona. Kilichokosekana ndicho tunachokiita leo vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1952 ikaja dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo imetumika sana Afrika Mashariki. Iliokoa wengi, lakini baadhi yao walianza kuhisi ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Ikagunduliwa kwamba dawa hiyo huupunguzia mwili vitamini B6. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa wa kifua kikuu, hasa mjamzito, mwenye kisukari au mwenye virusi vya UKIMWI, hupewa B6 kidogo pamoja na dawa zake. Huyo asiiache.

Nusu ya pili ilichelewa kujulikana. Mwaka 1983 daktari Herbert Schaumburg wa Marekani na wenzake walieleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku, ilhali mwili unahitaji kiasi cha miligramu 2 tu. Miguu yao ilikufa ganzi, wakawa wanapepesuka wakitembea. Walipoacha vidonge, wote wakapata nafuu. Vitamini ile ile iliyokuwa kinga ya mishipa ya fahamu ndiyo iliyoidhuru. Baadaye ikaonekana kwamba hata vipimo vidogo kuliko hivyo vyaweza kudhuru vikimezwa kwa muda mrefu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Kidonge kimoja cha mchanganyiko wa vitamini B chaweza kuwa na miligramu 100 au 200.

Msidhani kuwa hatari ya nyongeza ni habari ya ng'ambo tu. Pemba yenyewe imewahi kuifundisha dunia, ingawa si kwa jambo la mishipa. Kuanzia mwaka 2002, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti hapa kisiwani. Wengine walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B, wengine hawakupewa. Agosti 2003 ugawaji huo ulisimamishwa, kwani hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa waliopewa ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 12. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kwamba penye malaria nyingi watoto wasigawiwe chuma kwa jumla.

Fundisho ni moja, kuanzia kuku wa Java hadi watoto wa Pemba: nyongeza humfaa aliyepungukiwa, na asiyepungukiwa yaweza kumdhuru. Mzee anayeungua nyayo huenda ana kisukari, na kila mwezi anaoupoteza kwa vidonge vya dukani maradhi yanazidi kumla. Basi kabla ya kununua, kapimeni sukari. Na mkienda kwa daktari, chukueni na vidonge mnavyomeza, vyote, mumwoneshe. Huenda dawa ndiyo maradhi yenyewe.