Bolti Ikilika, Usitupe Mashine

Wasee, leo tunaongea kuhusu tundu. Tundu la milimita 8 hivi, lile bolti inaingia kwenye mashine ya boti. Najua inasikika kama mada ya kulala. Lakini ndani ya hilo tundu kuna boti ya matajiri iliyoliwa na bahari, kuna vita vikuu, na kuna sababu ya mimi kuchomeka kila nikisikia mtu akisema fundi wa jua kali "anabahatisha tu".

Shida yenyewe ni hii. Ukienda Lamu ama Malindi, zile injini zinazoning'inia nyuma ya boti zina mwili wa alumini. Alumini ni nyepesi na haipati kutu kama chuma. Lakini ni laini, na bolti zinazoifunga ni za chuma kigumu. Weka hizo metali mbili pamoja, mwagia maji ya chumvi, na umeunda betri bila kujua. Umeme mdogo unatembea kati yao na anayeliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe, unga unabana bolti, na siku fundi akiifungua kwa nguvu, inatoka na nyuzi zote za tundu. Nyuzi ni ile mistari ya kuzunguka inayoshika bolti. Zikienda, bolti inazunguka bure tu.

Usidhani ni shida ya watu wasio na doo. Mwaka wa 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, waligundua njia ileile ya kutoa alumini kwa umeme. Wote walizaliwa 1863, kwa hivyo walikuwa rika la wengi wenu mnaosoma hapa. Kabla yao alumini ilikuwa kitu cha kifahari. Baada yao bei ilianguka, na wenye pesa wakaanza kuipeleka baharini.

Mwaka wa 1895, mchoraji wa boti Nathanael Herreshoff alijenga Defender, boti ya mashindano ya Kombe la Amerika. Chini ya maji aliweka shaba nyeusi, juu ya maji akaweka alumini, na mbavu zake zikawa za chuma. Manze, ilikuwa nyepesi na ilishinda! Lakini ilikuwa betri kubwa inayoelea. Chumvi ikaanza kazi yake, na kufikia 1901 boti ikavunjwavunjwa. Miaka sita tu. Pesa haikuisaidia.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa bolti yenyewe. Zamani kila karakana Uingereza ilikata nyuzi zake kivyake. Bolti ikipotea, unarudi kwa aliyeitengeneza, hakuna mwingine wa kukusaidia. Karibu 1800, Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukereza iliyokata nyuzi sawasawa kila mara. Huyu ni mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka 12, akijaza risasi kwenye ghala la silaha la Woolwich. Hakuna digrii hapo. Kijana mmoja aliyepitia karakana yake, Joseph Whitworth, akakusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, na 1841 akapendekeza kipimo kimoja: pembe ya nyuzi iwe nyuzijoto, samahani, digrii 55. (Ndiyo, digrii zipo, lakini za pembe.) Mwaka wa 1864, William Sellers wa Philadelphia akasema Marekani itumie 60.

Tofauti ya digrii 5 inaonekana kitu kidogo. Ngoja Vita vya Pili vya Dunia vifike. Marekani na Uingereza wanapigana upande mmoja, lakini nati ya huyu haiingii bolti ya yule. Ni hadi 1948 ndipo wao na Kanada walikubaliana kipimo kimoja, kwa pembe ya 60.

Na ni enzi hiyohiyo dawa ya tundu letu ilipokomaa. Miaka ya 1930 kule Marekani walikuja na kitu kinaitwa Heli-Coil. Ni waya mgumu uliozungushwa kama springi. Vitani ulitumika kwenye injini za ndege, ambazo zilikuwa na alumini nyingi laini.

Unavyofanya kazi: fundi anatoboa tundu liwe pana kidogo, nyuzi zilizokufa zinaondoka. Anakata nyuzi mpya kubwa zaidi kwa tapu. Kisha anazungusha ile springi ndani. Springi ni pana kidogo kuliko tundu, kwa hivyo inajibana yenyewe ukutani. Anavunja kijiti kidogo cha mwisho, na bolti ileile ya zamani, saizi ileile, inaingia. Hapo ndipo kazi ya Whitworth inalipa, kwa sababu hutafuti bolti ya ajabu ajabu. Na kwa kawaida tundu hilo sasa lina nguvu kuliko lilipotoka kiwandani, maana bolti inasugua chuma, na mzigo umegawanyika kwenye alumini nyingi zaidi.

Lakini springi nayo ni chuma ndani ya alumini. Yale ya Defender yanaweza kurudi. Fundi anayejua hupaka grisi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga, ili chumvi isipate njia. Asiyejua anaruka hiyo hatua, na msimu ujao unarudi palepale.

Ndiyo maana nakasirika. Mimi niliacha chuo, na nimesikia sana kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa. Lakini huyo fundi ameshika kemia, vipimo na miaka 200 ya historia kwenye kidole chenye grisi. Mvuvi akiambiwa "nunua mpya" kwa sababu ya tundu moja, hiyo ni pesa ya karo imezama. Fundi akilifufua, boti inatoka alfajiri.

Kwa hivyo mkimpata fundi anayepaka grisi bila kuambiwa, mlipeni vizuri. Na kama uko nyumbani hujui ufanye nini na maisha, nenda ukamwombe akufunze.