Barua, Alama na Mtu Mwenyewe: Usaili katika Historia ya Udahili Tanzania

Swali la namna ya kuchagua wanafunzi wa vyuo vya juu si geni katika nchi yetu, wala si la wataalamu wa elimu peke yao. Sisi tunaoketi kila mwaka kusoma maombi ya vijana twalijua vyema. Makala haya yanakusudia kulitazama kwa njia ya historia, na hasa kuuliza ni nini kinachopatikana katika usaili wa ana kwa ana ambacho hakipatikani katika karatasi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia Mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kijana wa Magomeni, mtaa ule ule alikoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru, aliweza kuvuka bonde la Msimbazi kwa miguu akafika darasani. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na umbali kati yake na wananchi ukaongezeka, wala si umbali wa maili tu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi, na mamia yao wakafukuzwa. Je, cheti kilitosha kumjulisha mtu?

Jibu lilikuja Novemba 1974 kwa Azimio la Musoma. Mwombaji alitakiwa apitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha aletwe chuoni kwa barua za sifa njema kutoka kwa mwajiri, wafanyakazi wenzake na tawi la Chama. Tusiharakishe kulihukumu Azimio hilo. Lilitambua jambo la kweli, kwamba tabia ya mtu huonekana kazini na mtaani kuliko katika chumba cha mtihani. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ulikuwa mahali pengine: mwombaji alisemewa, hakusikilizwa. Barua iliandikwa na mtu mwenye mamlaka juu yake, na kama palikuwa na chuki au upendeleo ofisini, karatasi yenyewe haikusema. Aidha, idadi ya wanawake ilipungua sana, kwa kuwa msichana aliyemaliza kidato cha sita na kutakiwa kungoja miaka kadhaa mara nyingi alikuwa ameolewa na analea kabla ya zamu yake kufika. Ikabidi mwaka 1976 wanawake waondolewe katika sharti la kufanya kazi kwanza.

Upande wa pili wa mizani ulionekana mwaka 2010, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilipoanzisha udahili wa pamoja kwa kompyuta. Mfumo huo ulikuwa na haki yake, maana kompyuta haimwulizi mtu ukoo wake, wala haipokei bahasha. Lakini vyuo vilipokea majina ya watu ambao havikuwachagua, na mwaka 2017 kazi hiyo ikarudishwa kwa vyuo vyenyewe.

Basi, usaili ndio dawa? Historia ya Marekani yatuonya. Katika miaka ya 1920 vyuo kama Harvard vilianza kupima tabia na haiba ya mwombaji, na mojawapo ya makusudi ilikuwa kupunguza idadi ya Wayahudi ambao walikuwa wakifaulu mitihani. Tena, mwaka 1979 chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas, Houston, kiliagizwa na bunge la jimbo kuongeza wanafunzi 50 baada ya uchaguzi kukamilika. Wakachukuliwa watu ambao wasaili walikuwa wamewaweka karibu na mwisho wa orodha. Walipofuatiliwa, ufaulu wao darasani na hospitalini haukutofautiana na ule wa wenzao waliopendwa. Hata Samweli, nyumbani mwa Yese, alivutwa na kimo cha Eliabu.

Kwa hiyo anayetafuta katika usaili utabiri wa ufaulu atakosa. Thamani yake ni nyingine: humpa mwombaji nafasi ya kujibu. Mwenye alama hafifu aweza kueleza kwamba mwaka ule alikuwa akiuza sokoni ili wadogo zake wale. Katika vyuo vya Kanisa jambo hili latuhusu kwa karibu, maana barua za wachungaji wetu hufanana mno. Kila mwombaji ni mwaminifu, mtiifu na mwenye bidii. Ningependa wasaili wasipungue watatu, mmoja wao awe mwanamke, maswali yawe yale yale kwa wote, na Kiswahili kiruhusiwe, kwa kuwa msaili huchukulia kwa urahisi kwamba ufasaha wa Kiingereza ni akili. Majibu yaandikwe papo hapo. Kisha barua zenyewe ziwekwe mezani mbele ya mwombaji, naye aulizwe kama kuna neno ndani yake ambalo si kweli.