Kiti mwendo si cha usafiri tu: vifaa vya kucheza na kujieleza

Mtoto anayetumia kiti mwendo mara nyingi hufikishwa uwanjani, akawekwa kivulini na kuachwa atazame wenzake wakicheza. Amefika, lakini hajacheza. Katika makala haya tunaeleza vifaa vinavyoweza kumwingiza mchezoni, vinavyofanya kazi, na vile unavyoweza kutengeneza nyumbani.

Ni haki, si anasa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini, ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi ndio wanaovipata. Ndiyo maana wengi husema: apate kiti kwanza, mengine baadaye.

Hata hivyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, hauyaweki mengine hayo pembeni. Kifungu cha 30 kinataka watoto wenye ulemavu wacheze sawa na wenzao, na kila mtu apewe nafasi ya kukuza kipaji chake cha sanaa, kwa faida yake na ya jamii nzima.

Magurudumu yanayochora

Njia rahisi kuliko zote ni kukitumia kiti chenyewe kama brashi. Turubai au karatasi pana hutandazwa chini, rola ya rangi ikafungwa kwenye fremu ya kiti, na kila anapokwenda mtumiaji mstari unabaki. Nchini Marekani, msanii Dwayne Szot amejulikana kwa kubuni vifaa vya namna hii, vikiwemo vya kuchora kwa chaki barabarani.

Nchini Uingereza, msanii Sue Austin aliyapaka rangi magurudumu ya kiti chake ili yaache alama. Mwaka 2012 alikwenda mbali zaidi: alionyesha kazi yake akiwa kwenye kiti mwendo chenye injini za kusukuma majini, akizunguka na kupinduka chini ya bahari kama mpiga mbizi. Waliomwona hawakumhurumia; walitamani kukijaribu kiti chake.

Kitufe kimoja

Kwa asiyeweza kushika vitu vidogo, ufumbuzi ni swichi kubwa inayobonyezwa kwa kiganja, kiwiko, goti au kichwa. Kazi yake ni kuunganisha na kukata umeme. Mwanasesere wa betri huachwa umewashwa, kisha kibati chembamba chenye shaba pande zote mbili na plastiki katikati huchomekwa kati ya betri na chuma inachogusa. Umeme unakatika. Waya zinazotoka kwenye kibati huenda kwenye swichi. Mtoto akibonyeza, mwanasesere anacheza. Tahadhari: fanya hivi kwa vitu vya betri ndogo tu, kamwe si vya umeme wa ukutani.

Kwa michezo ya kompyuta, mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller. Ina vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya milimita 3.5, ukubwa uleule wa tundu la waya za masikioni, ili kila mchezaji achomeke swichi zinazomfaa. Ilianza kuuzwa kwa dola 99.99, bei isiyofikiwa na familia nyingi za kwetu.

Somo kutoka Kinshasa

Lakini ubunifu hausubiri fedha. Kundi la muziki la Staff Benda Bilili la Kinshasa lilikuwa na wanamuziki waliopata polio utotoni, waliotembelea baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa na mafundi. Walifanyia mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya jiji. Kijana wao, Roger Landu, alipiga satonge, ala ya uzi mmoja iliyotengenezwa kwa kopo. Albamu yao ilitoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu kuwahusu ikaonyeshwa Cannes.

Pa kuanzia

• Anza na mkao. Mtoto anayeteleza kitini hutumia mikono kujishikilia, haibaki ya kuchorea. Mwulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo.
• Weka ubao mapajani, wenye kingo ili vitu visianguke.
• Nenepesha kalamu au brashi kwa sponji, au ifunge kiganjani kwa utepe laini usiobana.
• Ifunge ngoma au kayamba kwenye kiti, mahali mkono unapofika.

Mwisho, muulize mwenyewe anataka kuchora nini, kwa rangi ipi, na lini aache. Ukimshika mkono ukauongoza mpaka mwisho, picha itapendeza, lakini itakuwa yako.