Wangwa wa Venezia (karne ya 5 hadi ya 9)

Wangwa wa Venezia ni eneo la maji ya kina kifupi, matope na visiwa vidogo kaskazini mwa Bahari ya Adria, Italia. Mafungu marefu ya mchanga huukinga na mawimbi. Maji yakipwa, chombo hupita kwenye mikondo michache tu, na asiyeijua hukwama.

Enzi za Roma, miji yenye hadhi ilikuwa bara: Aquileia, Altinum, Padova. Barabara nzuri za Warumi zilizoitajirisha ndizo zilizoleta majeshi. Attila na Wahunni wake waliibomoa Aquileia mwaka 452; Walombardi wakaingia mwaka 568 chini ya mfalme Alboin. Simulizi kwamba mji wa Venezia ulianzishwa siku moja, 25 Machi 421, ni ngano tu. Wavuvi walikuwako visiwani tangu zamani, na wakimbizi wa mwanzo huenda walirudi makwao hatari ilipopita. Lakini Walombardi walikuja kukaa, na waliowakimbia nao wakabaki visiwani. Huko Torcello, mojawapo ya visiwa hivyo, maandishi kwenye jiwe yanataja kanisa lililojengwa mwaka 639, kwa jina la Kaisari Heraclius wa Bizanti.

Maisha ya watu wa visiwani kabla ya Walombardi kuja tunayaona kwa karibu katika barua ya Cassiodorus, ofisa wa wafalme Wagothi wa Italia, ya miaka ya 530. Alikuwa akiwaagiza wasafirishe divai na mafuta kutoka Istria hadi Ravenna, akajikuta anawasifu: nyumba zao kama viota vya ndege wa majini, mashua zimefungwa ukutani kama mifugo, tajiri na maskini wote kitoweo chao samaki. Hawakuwa na mashamba ya kulima. Walivuna chumvi, na kwa chumvi walipata nafaka. Sifa za ofisa anayehitaji vyombo zipokelewe kwa tahadhari, ila habari ya chumvi ni ya kuaminika.

Mwaka 810 Pippin, mwana wa Karolo Mkuu, mtawala wa Wafranki, aliushambulia wangwa. Wafranki na Waveneti, kila upande ulidai ushindi. Baadaye makao ya mtawala, doge, yalihamishwa kutoka Malamocco, kwenye fungu la mchanga linalotazama bahari, hadi visiwa vya Rialto katikati ya wangwa. Mapatano ya 812 kati ya Wafranki na Bizanti yaliuacha wangwa upande wa Bizanti. Mwaka 828 wafanyabiashara wa Venezia walirudi kutoka Aleksandria na masalia yaliyoaminika kuwa ya Mtakatifu Marko, yakiwa yamefunikwa, kwa mujibu wa mapokeo, kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha Waislamu wasiyaguse.