Maneno ya Dhuluma kwa Kiingereza, na Barua Iliyotoka Kisangani

Kijana mmoja anayejifunza Kiingereza masaa ya jioni aliniletea daftari lake nilitazame. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno manne: “prejudice”, “discrimination”, “segregation”, “racism”. Mbele ya kila neno alikuwa ameandika tafsiri ile ile. Ubaguzi, ubaguzi, ubaguzi, ubaguzi.

Hakukosa sana. Kiswahili chetu kinatosheka na neno hilo moja, nasi tunaelewana. Lakini ukitaka kumweleza mgeni kwa Kiingereza dhuluma uliyotendewa, atakuuliza: ni ubaguzi gani? Ule wa moyoni, ule wa mkononi, ama ule ulioandikwa katika sheria?

“Prejudice” ni ule wa moyoni, kumhukumu mtu kabla hujamjua. “Discrimination” ni tendo: umenyimwa kazi, umefungiwa mlango, mwenzako amepita. “Segregation” ni kutenga watu kwa amri, huku wenyewe na huku wengine. Mwaka 1896 korti kuu ya Marekani iliamua kesi ya Homer Plessy, mtu aliyekamatwa kwa sababu alikaa katika behewa la Wazungu. Korti ilisema sheria inaweza kuwatenga watu katika gari la moshi, mradi mabehewa yawe sawa. Hayakuwa sawa, na kila mtu alijua. Ilipita miaka 58 kabla ya korti ile ile kukataa mafundisho hayo kwa upande wa shule, mwaka 1954. Wazee wetu wa Lubumbashi na Kinshasa hawana haja ya kufundishwa neno hili. Wakati wa Wabelgiji, mji wa Wazungu ulikuwa upande mmoja, cité upande mwingine, na kati yao uwanja mtupu.

“Racism” ni fikra yenyewe, kusema damu fulani ni bora kuliko nyingine. Utashangaa kusikia kwamba ni neno changa. Lilianza kuonekana katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, likaenea katika miaka ya 1930, watu walipotafuta jina la kuyaita mafundisho ya Hitler. “Genocide”, maangamizi ya taifa zima, ni changa zaidi: lilitungwa na mwanasheria Raphael Lemkin na kuchapwa mwaka 1944.

Basi jiulize, ndugu: mtu aliyeona mambo ya kutisha kabla ya hapo, alisema nini? Swali hili linatuhusu sisi kabisa, kwa sababu mtu huyo alikuja hapa kwetu.

Aliitwa George Washington Williams. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1849. Alipigana katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe akiwa bado kijana mdogo, kisha akawa mchungaji, mbunge katika jimbo la Ohio, na mwandishi wa historia. Kitabu chake kikubwa juu ya historia ya watu weusi wa Marekani kina neno “Negro” katika jina lake, na wakati ule lilikuwa neno la heshima. Leo usimwite mtu hivyo, hata kama kamusi yako ya zamani inakuruhusu. Sema “Black” ama “African American”. Maneno nayo yanazeeka.

Mwaka 1889 Williams alionana na mfalme Leopold wa pili, akavutiwa naye. Aliamini yale yaliyosemwa Ulaya, kwamba mfalme analeta ustaarabu na kukomesha utumwa. Mwaka 1890 akaja kujionea mwenyewe. Alipanda mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Tarehe 18 mwezi wa saba alimwandikia mfalme barua ya wazi, yaani barua ya kusomwa na watu wote.

Hakuwa na neno “racism”, wala “genocide”. Alifanya nini? Alihesabu mashtaka 12, moja moja. Watu wanafungwa minyororo. Vijiji vinachomwa moto. Korti hazina haki. Serikali inayojidai kupiga vita utumwa, yenyewe inanunua na kuuza watu. Alieleza pia namna machifu walivyolaghaiwa ili watoe ardhi. Mzungu alificha chombo cha umeme ndani ya koti, na waya ukafika kiganjani. Akimpa chifu mkono, chifu anatetemeka, anadhani mgeni ana nguvu zisizo za kawaida. Jambo hilo kwa Kiingereza linaitwa “fraud”. Tafadhali usilitafsiri “ujanja”, maana kwetu mjanja anaweza kusifiwa. Ni udanganyifu wa kumnyang'anya mtu mali yake.

Na sasa tazama kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote katika barua hiyo. Mashtaka yake hayakuwashtaki “Wazungu” wote kwa jumla. Yalimwelekea mwenye serikali na serikali yake, kwa matendo yake.

Mwezi wa tisa aliandika tena, mara hii kwa James Blaine, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, nchi iliyotangulia nyingine kuitambua bendera ya Leopold, mwaka 1884. Humo alisema yanayotendeka Kongo ni “crimes against humanity”, makosa dhidi ya ubinadamu. Hakuwa wa kwanza kuunganisha maneno hayo. Waliopinga biashara ya watumwa kule kwao walikwisha kuyatumia. Lakini aliyaandika juu ya dola, na juu ya bibi na babu zetu.

Magazeti ya kumtetea mfalme yalimshambulia yeye mwenyewe badala ya kujibu mashtaka yake. Williams alikufa Blackpool, Uingereza, mwaka 1891, akiwa na miaka 41. Leopold aliendelea kuishika Kongo mpaka mwaka 1908.

Maneno yale hayakufa. Mwaka 1945 yaliingia katika sheria ya korti ya Nuremberg, na mwaka 1998 katika mkataba wa Roma uliounda Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai. Mwezi wa tatu 2014 yakarudi kwetu: korti hiyo ilimpata Germain Katanga na hatia ya kusaidia katika kosa moja dhidi ya ubinadamu na makosa manne ya vita, kwa mauaji ya kijiji cha Bogoro, Ituri, ya mwaka 2003. Hukumu ilimtaja mtu mmoja, mahali, na tarehe. Kabila lake halikuhukumiwa.

Nilimrudishia kijana daftari lake, nikamwomba aandike kwa Kiingereza sentensi moja juu ya jambo baya alilolishuhudia mwenyewe. Alianza kwa jina la kabila. Akatazama kidogo, akalifuta kwa kidole kilicholowa mate, akaniuliza: “Mwalimu, askari wa kizuizi wanaitwaje kwa Kiingereza?”