Mti, Ua na Sheria: Historia ya Hifadhi ya Mazingira Katika Gachoka

Historia ya hifadhi ya mazingira nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kufuata sheria: amri za serikali ya kikoloni, mipango ya maendeleo baada ya uhuru, na hatimaye katiba. Njia hii ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba huyaacha nje maarifa ya watu waliokuwa wakiitunza miti kabla ya sheria hizo kutungwa. Gachoka, katika Mbeere Kusini, ni mahali panapoidhihirisha kasoro hiyo.

Gachoka iko katika nyanda kavu zinazoteremka kutoka miinuko ya Embu hadi mto Tana. Mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba, na mara nyingi huwa haba. Hapo kale ardhi ilikuwa mikononi mwa koo. Mkulima alipanda mtama, mawele, kunde na mbaazi kwa misimu kadhaa, kisha akaliacha shamba lipumzike. Alipofyeka, hakuangusha kila mti. Mukau aliubakiza, kwani majani yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi, na mbao zake zisizoliwa na mchwa hufaa kwa milango, boriti na mizinga ya nyuki. Kwa kuwa mbegu za mti huo ni ngumu kuota, miche iliyojiotea shambani ililindwa isikatwe kwa jembe. Vichaka vitakatifu navyo vilikuwa na miiko yake.

Maarifa hayo yaliwekwa ndani ya lugha. David Brokensha na Bernard Riley walichapisha mwaka 1980 uchunguzi wao juu ya namna Wambeere wanavyoifahamu mimea yao, na mwaka 1988 wakatoa kitabu cha majuzuu mawili, ambacho juzuu lake la pili limeshughulikia mimea na matumizi yake. Kila jina la mti lilibeba mafunzo: upi ni kuni zenye moto wa kudumu, upi ni dawa, upi ni lishe ya mifugo.

Sera ya serikali ilishika njia nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wa wilaya za kati, Embu ikiwamo, walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi iliyokuwa na manufaa kwa udongo ikachukiwa kwa kuwa ilikuja kwa shuruti. Uhuru haukuufuta mtindo huo; sheria ya machifu iliendelea kumpa chifu uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa miti.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilitokana na sheria ya ardhi. Chini ya Sheria ya mwaka 1968, upimaji na ugawaji wa ardhi uliendelea katika Mbeere katika miaka ya 1970. Hatimiliki ilikusudiwa kumpa mkulima ari ya kuitunza ardhi yake, na kweli wako waliopanda miti kwa sababu hiyo. Lakini ua uliolinda shamba la mmoja uliwafungia wengine njia ya malisho na ya kuni. Brokensha na Riley waliyaandika hayo mwaka 1978. Mzigo wa kuni uliwaelemea hasa wanawake.

Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti, na katiba ya mwaka 2010 ikaweka kiwango hicho hicho kwa nchi nzima. Hesabu hiyo haisemi ni miti gani. Ilhali mukau, uliobakizwa na wakulima bila kanuni yoyote, ndio ulioshughulikiwa kuanzia mwaka 2012 na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kwa ushirikiano na Japani, ili kupata mbegu bora za nchi kavu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba desturi pekee ingetosha. Kupumzisha shamba kulitegemea ardhi kubwa na watu wachache. Hali hiyo haipo tena. Na mkaa unaoteketeza migunga huchomwa pia na wenyeji wanaohitaji ada za shule.

Kitenzi kuhifadhi kina maana mbili katika Kiswahili. Huhifadhiwa kitu kwa kulindwa kisiguswe. Huhifadhiwa pia maneno kwa kuwekwa moyoni. Sera imeshika maana ya kwanza, ikajenga ua na kutoza faini. Wazee wa Gachoka walihifadhi kwa maana ya pili. Ikiwa majina ya miti yatasahauliwa na vijana wasioyasikia shuleni wala shambani, asilimia 10 inaweza kutimia na bado hifadhi hiyo ya pili ikawa imepotea.